Toeni Rangi, Muache Muti

Nikimtania Ketura kwamba anasalimia miti kabla ya watu, hakatai. Anacheka, anavua kandambili zake zenye matope ya mlimani, anakaa kwenye benchi langu hapa stendi ya Bwera, na kabla hajauliza hali ya watoto wangu ananipa habari za mti fulani wa huko juu: umevunjika tawi, au kuna mtu ameubandua gome. Mimi Mastula, mama yake Ashiraf, nimeuza chai na chapati hapa tangu ujana wangu. Nimesikia habari za wake wenza, za mpakani na za madereva. Habari za miti nilizisikia kwake tu. Mwanzoni nilidhani kichwa chake kimelegea kidogo, nikamwacha, maana akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Alizaliwa Nyakalengija, pale wazungu wanapoanzia kupanda Rwenzori. Baba yake alibeba mizigo ya wageni, naye ndiye aliyemfundisha binti yake kuujua mti kwa pua. Unakwaruza gome kwa ukucha, unanusa. Mti ambao wauza dawa wanauita ntaseesa una harufu chungu, kama karanga iliyoharibika. Ketura akaolewa huku kwetu, kwenye mgongo wa mlima juu ya Bwera, akalima kahawa na maharage na mumewe. Mume alipozeeka akapata ule ugonjwa wa wanaume wa kushindwa kukojoa. Miezi yake ya mwisho Ketura alimchemshia gome la ntaseesa, na mzee alisema linampunguzia maumivu. Alikufa hata hivyo. Ketura akabaki na shamba, na binti yake Shallon aliyeolewa mbali huko Katunguru, na shemeji yake, Kule. Kwa watu wa mlimani jina lenyewe linakwambia ni mtoto wa kiume wa tatu. Ni mtu mpole, ila ana woga. Mbwa akibweka, Kule ameshafunga mlango.

Zamani mgongo ule ulijaa ntaseesa. Wakaja wanunuzi wa magome, wakafuata wachoma makaa, ikabaki miti tisa, yote kwenye mashamba ya watu, na zaidi ya nusu kwa Kule na majirani zake. Shirika moja la miti lenye ofisi Kasese likatafuta mtu wa kuiangalia, likampata Ketura. Kazi yake ilikuwa kupita kila mti, kupima unene wake kwa utepe, kutazama gome na maua, na kupeleka habari.

Mti huu ni bahili. Unaweza kukaa miaka bila kuzaa cha maana, na mbegu yake haiwekwi ghalani, ikikauka imekufa. Lazima tunda liivie juu mtini, liokotwe na kupandwa upesi. Mara ya mwisho ilipozaa, miche yote ilipelekwa kwenye kitalu kando ya mto Nyamwamba, huko Bulembia. Ndipo ule mwaka 2013 mto ukashuka na mawe na magogo, ukabeba nyumba na watu. Nani angelilia miche? Ketura aliililia. Aliililia hapa kwenye benchi langu, akaona aibu ya kulilia miche wakati watu wanazika ndugu zao, na ile aibu ikamliza zaidi.

Mwaka uliofuata miti yote tisa ikatoa maua.

"Mama Ashiraf, imechanua! Yote!" alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, wateja wangu wakageuka kutazama kuna nini. Tangu siku ile alikuwa na jambo moja tu duniani: miti isimame mpaka matunda yaive. Alijua miti ile ni mizee. Alijua pia kwamba hakuna mingine ya kupata mbegu katika mgongo wetu.

Sasa shirika lilikuwa na kijana wake, Davis, mtoto mwenye adabu, simsemi vibaya. Davis akaleta kopo la rangi nyekundu. Kila mti uzungushiwe mstari usawa wa kifua cha mtu, uonekane toka mbali, na utepe upite mahali palepale kila mara. Ketura aliipaka kwa mkono wake, vizuri, akazunguka kila mti kama anayemvika mtoto mkanda.

Kwetu rangi nyekundu inajulikana. Barabara ilipopanuliwa hapa mjini, kila kibanda kilichopakwa X nyekundu kilivunjwa, na changu kimojawapo. Na wazee wa juu husimulia habari za wapimaji waliopita zamani wakipaka miti, kisha watu wakaambiwa mwisho wa kulima ni hapo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Uvumi ukapanda mlima kwa kasi kuliko bodaboda: hifadhi ya serikali inakuja, inafuata miti yenye rangi, mwenye mti atahama. Dawa yake kila mtu aliiona, nayo ni shoka.

Ketura aliwakuta uani kwa Kule, wanaume wa mgongo wote, na mapanga yamenolewa.

"Shemeji, mimi sina ubaya na weye," Kule alimwambia. "Lakini ile rangi iko ya nini? Pale Bwera, nyumba yenye baliweka rangi ya vile, balivunja. Leo iko mu muti, kesho itakuwa mu mulango yangu. Batoto yangu nitabapeleka wapi?"

"Hakuna mutu anakuja kubeba shamba. Ni mimi nilipaka. Mukono yangu hii."

"Weye balikutuma tu," akasema Blasio, katekista, ambaye akisema jambo huwa limekwisha. "Tukate. Muti ikianguka, na alama imeanguka."

Kupiga magoti si ajabu kwa mwanamke wa kwetu, ndiyo salamu. Lakini Ketura, mjane wa kaka mtu, alimpigia Kule magoti kwenye matope na kumshika mguu kwa mikono miwili, na wanaume wakatazama chini.

"Kama rangi ndiyo mubaya, toeni rangi, muache muti," alisema. "Munisikie, tafadhali. Toeni rangi tu."

Kule alimwinua. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akaapa kwa kaburi la kaka yake: "Tutatoa rangi. Muti hatukate hata moja."

Kesho yake Ketura akashuka kwenda Kasese kumleta Davis, aje awaeleze watu kwa mdomo wake kwamba hakuna hifadhi inayokuja. Waliporudi walipita kwangu, nami nilikuwa na haja ya maharage, nikapanda nao. Njia nzima alikuwa na furaha. Alinisimulia alivyopiga magoti, akaniigizia na sura ya Blasio. Mimi nilihema nikimwambia mlima huu Mungu aliuumba siku aliyokuwa na hasira.

Tukafika kwenye mti wa kwanza. Umesimama. Majani mabichi, na matunda madogo ya kijani yamejaa matawini. Lakini pale ulipokuwa mstari wa rangi palikuwa na kitu kingine. Gome lote lilikuwa limeondolewa, kuuzunguka mti mzima, upana wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, na mti wa ndani uko uchi, mweupe, una alama za panga.

Kule alikuja anatabasamu, viganja vyake vimejaa malengelenge.

"Shemeji, tulitoa. Yote! Lakini ile rangi ilikuwa imeingia ndani mubaya sana. Tunakwangua, iko nyekundu. Tunakwangua tena, ingali nyekundu. Tulienda nayo mpaka ikaisha."

Gome la ntaseesa ni jekundu kwa ndani. Limeumbwa hivyo. Waliifuata rangi ya mti wenyewe kwa panga wakidhani ni ya kopo, na kwa kuwa mwanamke yule aliwapigia magoti, hawakutaka kuacha hata chembe.

Nilimuuliza Davis kwa sauti ya chini kama mti utapona. Aliinama, akavua kofia. Akaniambia chakula cha mti hushuka kwa gome, na ukilikata kuzunguka, mizizi inakufa njaa. Mti unakufa umesimama, taratibu, na mtu asiyejua atauona mzima. Tukapita kwa mingine, Kule akitutangulia. Yote tisa ilikuwa hivyo. Kwa Blasio walikuwa wamekwangua vizuri kuliko kote.

Ketura aliuweka mkono kwenye jeraha la mti wa mwisho, kisha akavishika viganja vya Kule, akaviangalia yale malengelenge.

"Asante, shemeji," alisema. "Mumefanya kazi kubwa."

Mimi mdomo wangu hauna breki, kila mtu Bwera anajua. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumtukana Kule na ukoo wake, Ketura akanibana mkono mpaka ukauma. Tulipobaki peke yetu nikamlipukia. Kwa nini humwambii? Kwa nini unamshukuru mtu aliyekuua?

"Nimwambie nini, Mama Ashiraf? Nilisema toeni rangi. Ametoa rangi. Maneno yalikuwa yangu."

Baada ya hapo akawa muuguzi. Alichanganya udongo wa mfinyanzi na mavi mabichi ya ng'ombe, akaupaka kila mti pale palipojeruhiwa, akaufunga kwa maganda makavu ya migomba. Alibeba maji kutoka bondeni, akamwaga kwenye mizizi. Watu walimcheka, wakasema mama wa miti sasa anaifunga bendeji. Davis alileta dawa nyeusi ya kupaka, akasema tungoje, lakini hakunitazama usoni aliposema. Yeye na Ketura hawakutaka miujiza mikubwa. Walitaka miti iishi miezi michache tu, matunda yaive, basi, ife.

Siku ya soko Ketura alikaa kwenye benchi langu, chai ikapoa mbele yake.

"Nyinyi Waislamu mna dua ya mti?" aliniuliza.

Nikamwambia kuna dua ya kila kitu. Na niliomba kweli. Sikuwa nimewahi kuuombea mti, na sikujua hata niutaje vipi, nikaomba hivyo hivyo.

Majani yakaanza kuwa ya manjano kileleni. Kisha matunda yakaanza kuanguka, ya kijani, magumu, madogo kama kunde. Nilipopanda kumwona nilimkuta chini ya mti wa Kule, amekaa kwenye majani makavu, miguu ameinyoosha kama aliyefiwa. Aliniomba nitafute hata moja lililobadilika rangi. Nilitafuta kwa magoti, mimi na unene wangu. Hakuna hata moja.

"Nimeiua," alisema. "Kwa mdomo wangu. Afadhali wangeikata, ningewachukia wao."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikaa naye, nikalia, na mimi siyo mtu wa kulia.

Tukiwa bado pale tukasikia mtu anahema njiani. Ni Kule, na gunia begani. Akalitua mbele ya Ketura, akalifungua. Lilikuwa limejaa yale matunda ya kijani.

"Shemeji, niliona muti inaangusha mapema. Tuliokota yote, mimi na muke wangu na batoto, mu mashamba yote. Hakuna hata moja imepotea. Sasa tupande."

Ketura alitia mkono kwenye gunia, akatoa tunda moja, akalibonyeza. Tunda bichi la ntaseesa halioti. Alikuwa ameniambia mwenyewe, mara ngapi sijui, kwenye benchi langu. Nikangoja amwambie sasa, na kama asingemwambia yeye ningemwambia mimi. Kisha nikauona uso wa Kule, na mimi Mastula, kwa mara ya kwanza maishani, nikanyamaza.

"Tupande, shemeji," Ketura akasema.

Wakapanda lote. Walilima tuta kando ya nyumba yake, wakapiga magoti wote wawili, akamwonyesha kina cha kidole na nafasi ya kuacha, wakafunika kwa udongo laini na nyasi, wakajenga na kivuli cha matawi. Wanasema wema hauozi. Ule ulioza ndani ya udongo, nami naangalia.

Miti yote tisa imekauka sasa. Kule anasema ni jua la mwaka huu. Kila siku ya soko, akishuka na kahawa yake, huutua mzigo kwenye ua wa Ketura.

"Shemeji, bado?"

"Bado, shemeji."

"Tuvumilie. Vitu ya Mungu haina haraka."

Kisha anachukua kopo, lile lile la rangi, analijaza maji, anamwagilia tuta lote mpaka mwisho.