Mkanda wa Mzamiaji

Mzamiaji anayesugua meli chini ya maji hachagui mkanda wa kubebea mtungi wa hewa kwa macho. Huuvaa, huchuchumaa, hupitisha vidole vyake vyenye makovu chini ya kila ukanda wa begani. Kisha hufumba macho, hubana pumzi na kupapasa kifungo.

"Dada, unanunua au unachumbia?" muuzaji alimtania mzamiaji mmoja aliyekuwa akijaribu mikanda dukani mwake.

"Mchumba akinibana namwacha, kaka. Huu ukininasa kule chini, nitamwita nani?"

Mkanda mwekundu ulimkaa kama ngozi, lakini pumzi ilikwisha kabla kifungo hakijafunguka. Akaurudisha. Mweusi, uliopauka rangi, ulifunguka mara moja. Muuzaji akanyoosha mkono kuchukua mfuko.

"Ngoja kwanza." Mzamiaji akaufunga tena mkanda, akafumba macho, na mkono wa kulia akauficha mgongoni, akaanza kupapasa kifungo kwa wa kushoto peke yake.