Kicheko Kilichokataa Kutafsiriwa

Wanunuzi wa samaki waliovuka Ziwa Mweru kutoka Kongo walimjua Dorica Mwaba kama mwanamke mcheshi kuliko wote wa Nchelenge. Majirani zake walimjua kama mjane mkimya.

Sababu ilikuwa lugha. Dorica alikaa miaka kumi na miwili Elisabethville, mji wa Kongo, ambako mumewe alifanya kazi mgodini. Kiswahili alikipata huko bombani, akichota maji na wanawake wa kila kabila, na huko huko akazoea kuchezea majina ya wakubwa. Mumewe alipofariki alirudi kwao, akawa anabanika samaki na kuwatafsiria wavuvi na wageni. Kibemba kilikuwa lugha ya mama yake, lakini mzaha haukumjia kwa Kibemba.

Mwaka wa 1955 mfalme wa Wabelgiji alitembelea Kongo, na watu wa ng'ambo wakawa hawana habari nyingine. Siku moja Mpundu, mnunuzi mwenye boti ya mota, alianza kupiga kelele kabla hajagusa mchanga.

“Mama Dorica! Samaki iko tayari?”

“Mufalme wenu anaitwa nani?”

“Baudouin!” Alilitamka kama walivyolitamka wote kule: Bodu-we.

“Basi umejijibu mwenyewe. Bado, we!”

Mpundu alilirudia jina polepole, kisha akajipiga paja. “Jina kubwa vile, kumbe ndani yake mulikuwa ‘bado’ siku zote!” Watu wake walicheka hadi mmoja akaangusha kasia.

Musonda, aliyebanika samaki karibu na Dorica na asiyejua Kiswahili, hakucheka. Aliuliza kwa Kibemba, kwa “Ba” ya heshima: “Wanacheka nini, Ba Dorica? Wanatucheka sisi?”

“Hapana. ‘Bado’ kwao ni kusema kitu hakijawa tayari. Na ‘we’ ni wewe. Sasa jina la mfalme, ukilisikiliza vizuri…” Dorica alisikia mzaha ukimfia mdomoni.

Musonda aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. “Sawa. Sasa kicheko kiko wapi?”

Swali hilo lilimuuma. Aliona kwamba kila alipochekesha wageni, watu wake mwenyewe walibaki nje ya mlango. Tangu siku hiyo akaanza kutafuta jina moja litakalochekesha pande zote mbili. Akigeuza samaki juu ya moshi alijaribu majina ya wafalme, magavana na manabii, midomo ikimchezacheza. Lililochekesha kwa Kiswahili lilichechemea kwa Kibemba. Musonda akadhani anasali.

Mvua za kwanza zilipoanza, Shemasi Bwembya alimwomba Mpundu ampeleke kisiwa cha Kilwa kwa ibada ya Jumapili. Bwembya alikuwa mtu mkali ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Waliondoka Jumamosi mchana. Hawajafika mbali, mota ikakohoa, ikanyamaza. Upepo ukaanza kuirudisha boti pwani polepole, polepole mno kwa mtu kama Shemasi. Akayatazama maji. “Hapa ni magotini,” akasema, akashuka na viatu vyake na koti lake la kanisani.

Yalimfika shingoni.

Wavuvi wawili walimvuta nje. Akasimama mchangani, maji yakimwagika kutoka kwenye mikono ya koti, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Mpundu akaja nyuma yake na debe tupu. “Pardon, Shemasi. Petroli imeisha.”

Dorica alisimama kama aliyeitwa. Kwa Kibemba cha pale ziwani, mtume Petro huitwa Petulo. Na petroli nayo huitwa petulo. Mdomo wake ukatangulia, kwa Kibemba:

“Ba Shemasi, leo nimeelewa kwa nini Petulo alizama alipotembea juu ya maji. Petulo ilimwishia!”

Mpundu ndiye aliyecheka kwanza, na hakuna aliyekuwa amemtafsiria. Musonda akaketi chini mchangani, machozi yakimtoka. Kisha ufuko mzima.

Bwembya alimgeukia Dorica, naye Dorica akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa amelichezea jina la mtume mbele ya mtu wa kanisa.

“Mtume aliishiwa imani,” akasema Shemasi.

“Ndiyo, Ba Shemasi.”

“Imani, Dorica.”

“Imani, Ba Shemasi.”

Shemasi akainama, akavua kiatu, akamwaga maji. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alipoinua uso, watu waliyaona meno yake yote.

Siku ya tatu Shemasi alikuja penye moshi, koti likiwa limekauka na kujikunja. “Kule Kilwa kuna Wakongo wanaokaa kanisani bila kuelewa neno,” akasema. “Nataka uje unitafsirie.”

“Mimi? Mwanamke?”

“Ni nani mwingine hapa anayejua neno linageukia wapi?”

Dorica alikwenda, na akaendelea kwenda miaka mingi. Musonda naye akaomba afundishwe Kiswahili. Kufika Krismasi alikuwa akibishana bei na wanunuzi peke yake, akikosea kila neno la tatu, na Dorica, kando yake, alimtania kwa Kibemba bila hata kutafuta maneno.