Sakafu ya Gari la Daktari wa Meno

Mzee Randa alikuwa na roho mbaya, na nalisema hili mapema ili mtu asije akamwonea huruma kabla ya wakati. Kwa kazi hakuwa na mpinzani. Milango aliyoitengeneza ujanani bado inajifunga bila kelele, na watu waliuvumilia mdomo wake kwa ajili ya mikono yake. Jina la Randa walimpa wateja, wala hawakuwa wakifikiria mbao peke yake. Bwana huyu alikuwa akikupitia mpaka unabaki mwembamba.

Alikuwa na binti mmoja tu, ndiye aliyepaka rangi na vanishi pale karakanani. Binti akaolewa na seremala mpole, mwenye bidii, asiye na kosa lolote isipokuwa moja: siku moja meza ile ya kazi ingekuwa yake. Mzee hakulimeza hilo. Alimkalia mkwewe kooni. Akimwona ameshika msumeno, aliwaita majirani waje wacheke. Alimwita "bwana harusi" hata baada ya watoto kuzaliwa na kuanza shule, na kijana wa watu alikuwa akiitika.

Mwishowe binti alimfuata baba yake, akamwambia kwa utulivu.

"Baba, ukimtukana tena mume wangu mbele za watu, tunahama. Utazikwa na majirani."

"Sitamtukana," mzee akajibu.

Na kweli, neno lake alilishika. Ubaya wenyewe ulianzia hapo.

Daktari wa meno, mteja wao wa siku nyingi, alikuwa akifufua gari la kale, mojawapo ya yale ambayo sakafu yao ni mbao zilizolazwa juu ya fremu ya chuma. Mbao zile zilikuwa zimeoza kingo. Akazileta zimefungwa kwenye shuka, pamoja na mbao mpya za msaji zilizokauka sawasawa.

"Nimehangaika sana kuzipata, mzee," akasema. "Zikiharibika hizi, sina nyingine."

"Haziharibiki," akasema Mzee Randa. "Atazifanya mkwe wangu."

Kijana nusura alie kwa furaha. Binti naye, maskini, siku hiyo alimkorogea baba yake chai kwa mkono wa upendo kabisa. Waliamini mtu amebadilika. Thubutu.

Kwenye sakafu ya namna ile, kazi iko kwenye ubao wa mbele. Hapo ndipo zinapopenya pedali na mti wa usukani, matundu yote yamekaa upande wa dereva. Unalaza ubao wa zamani juu ya mpya, unaufuata kwa penseli, unakata. Sasa kijana, kwa usafi wake, hakutaka kuchafua uso mzuri wa msaji. Akaulaza ubao mpya kifudifudi, akachora mgongoni. Si vibaya, mafundi wengi hufanya hivyo. Ila ukichora mgongoni, na ule wa zamani lazima uupindue. Yeye hakuupindua. Kwa hiyo tundu la kulia likaenda kushoto, na ubao ule ukilazwa garini, breki ingepaswa kutokea miguuni pa abiria.

Mzee Randa aliliona kosa mara penseli ilipogusa mbao. Alikuwa kwenye kiti chake cha mlangoni, karibu kiasi kwamba angeweza kunyoosha fimbo akamgusa. Neno moja lingetosha. Akanywa chai yake.

"Niko sawa, baba?" mkwewe akauliza.

"Fundi si wewe? Endelea, mwanangu."

Hakuwahi kumwita mwanangu. Kijana aliinama kazini na nguvu mpya. Akatoboa kwa keekee, akatanua matundu kwa patasi, akalainisha kwa tupa, kisha kwa msasa. Kingo akazikata mshazari zikae vizuri kwenye fremu, hata mtu asingeweza tena kuugeuza ubao akajiokoa. Mzee alisikiliza msumeno ukiula msaji wa watu na alifurahi, haki ya nani, alifurahi mpaka tumboni. Daktari atakuja. Ataulaza ubao. Atafoka. Yeye mzee hatakuwa ametamka tusi hata moja, na bwana harusi ataondoka mwenyewe na aibu yake, meza ibaki na mwenyewe.

Alasiri kijana akatoka kwenda kununua skrubu. Binti akaja na kopo la vanishi. Akaunyanyua ubao mpya, akauweka kando ya ule wa zamani, akayafuata matundu kwa kidole.

"Baba, umeuona huu?"

"Tangu asubuhi," mzee akasema kwa majivuno. "Kabla hajashika hata msumeno."

"Ukanyamaza."

"Sikumtukana. Tulikubaliana hivyo, au sivyo?"

Binti hakulia wala hakugomba. Huyu naye alikuwa damu ya Mzee Randa, mzee alikuwa amelisahau hilo. Alifunika kopo la vanishi, akajifuta mikono, akakaa kungoja.

Mumewe alirudi ameongozana na daktari. Daktari akaushika ubao mpya, akaushika wa zamani, akazilinganisha, na kijana naye akaona.

"Nani amechora hivi?" daktari akauliza, sauti imeanza kupanda.

"Yeye huyo," mzee akasema upesi. "Si mimi."

"Ni mume wangu," binti akasema. "Na baba alikuwa amekaa pale pale alipo, anamtazama, tangu penseli mpaka msasa. Muulize, daktari. Muulize kama aliona."

Daktari akageuka. "Mzee, uliona mbao zangu zinaharibiwa ukanyamaza?"

Hapo sasa. Akisema aliona, hakuna mtu atakayemletea tena hata kigoda cha kuunga mguu. Akisema hakuona, fundi gani huyo asiyeona kosa la wazi hivyo? Na binti yake alikuwa anamtazama achague lipi.

"Sikuona," akasema Mzee Randa.

"Macho yake, daktari," binti akadakia, kwa upole wa kutisha. "Yameisha. Tulikuwa tunamfichia heshima. Mume wangu anamuuliza kila hatua, naye anaitikia tu."

Kijana alifungua mdomo, mkewe akamtazama, akaufunga.

Hasira zilimwisha daktari papo hapo. Akachuchumaa mbele ya kiti, akainua vidole vitatu.

"Mzee wangu, hivi ni vingapi?"

Mzee Randa aliviona vyote vitatu, na pete, na vinyweleo juu ya kiungo. Nyuma ya daktari aliwaona pia binti na mumewe, wamesimama kando ya meza ya kazi.

"Viwili," akasema.

"Pole sana, mzee," daktari akamwambia kwa kupaza sauti, kana kwamba na masikio nayo yameisha. Kisha akainuka, akamgeukia kijana, akamuuliza, "Nikipata mbao nyingine, nikuletee lini?"