Obbo Chini ya Zege

Mwaka wa sabini na nne, Malaba nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyechanganya zege huku akicheka, naye ni Obbo. Kijana wa miaka ishirini na miwili, mwembamba, suruali imeganda saruji. Mimi Goretti nilimuuzia mandazi kila asubuhi, na nakwambia, alikula manne kwanza ndipo atazame mawingu aamue kama ni siku ya kumwaga zege.

Makontrakta wa Kihindi walikuwa wameshafukuzwa nchini na serikali ya kijeshi, na soko letu jipya likaangukia mikononi mwa Nasuru, shemeji wa kapteni wa jeshi aliyeisimamia wilaya yetu. Nasuru hakujua mwiko wa uashi unashikwa upande gani. Paa lile la zege, Obbo ndiye aliyefunga vyuma vyake na kulimwaga. Halafu tukasikia serikali inamtunuku fundi kijana bora wa wilaya, na cheti kimeshaandikwa: Nasuru. Nilikasirika hadi nikaunguza mandazi.

Siku ya sherehe, nguzo za muda za miti bado zilikuwa zimeshikilia paa. Kwa mafundi wetu desturi ni moja: aliyejenga husimama chini nguzo zikiangushwa. Mzee Odeke, mkubwa wa mafundi, akamwinamia Nasuru kwa heshima zote.

"Bwana kontrakta, karibu chini. Sisi nangoja wewe tu."

Nasuru akatazama juu. Ghafla akakumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Kapteni, aliyekuja kutoa cheti, akanuna. "Kwani nani alijenga hii kitu?"

"Mimi, afande," akajibu Obbo. Alikuwa keshaingia chini, andazi mkononi.

Nyundo zikaanza. Nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vumbi likamwagikia Obbo kichwani, na mimi roho mkononi. Ya mwisho ikaanguka, paa likatulia tuli! Obbo akaruka, sisi tukapiga vigelegele na kuvamia soko na vikapu vyetu, kila mtu akigombania pa kuuzia. Nilimkanyaga polisi na sikumwomba radhi.

Kapteni alicheka mpaka kofia ikamwenda upande, akampa Obbo cheti. Obbo akakisoma, akakirudisha.

"Afande, hii cheti si yangu. Imeandika Nasuru."

Vigelegele vilikatika. Mwaka ule watu walipotea kwa maneno machache kuliko hayo. Jamani, si ungekaa nacho tu! Kapteni akamtazama yeye, akatazama paa, akapapasa mfuko. Hana kalamu. Mzee Odeke akachomoa penseli ya useremala sikioni, akampa kwa mikono miwili.

"Geuka," kapteni akaamuru.

Obbo akageuka, na mgongo wake ukawa meza. Kapteni akakata jina la shemeji yake, akaandika la Obbo, kubwa, limepinda. Nilikinyakua kile cheti nikalisoma jina mara tatu kwa sauti, nalia, nacheka, na hakuna askari aliyenizuia.