Beringi ya Mlingoti

Tulipunguzwa kazini siku moja, mimi na rafiki yangu, kwenye karakana ya serikali ya kutengeneza meli. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchomelea vyuma. Miaka ile ya biashara huria kila mtu alikuwa anatafuta pa kushika. Rafiki yangu alirudi kwao Ipyana akafunga mashine ya kukoboa mpunga. Mimi nilipata kazi Matema kwa mfanyabiashara mmoja wa Kyela mjini, Alhaji mwenye asili ya pwani, aliyekuwa amejenga vyumba vya wageni ufukweni mwa ziwa na kununua mashua ya tanga kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao.

Tanga kuu la mashua ile halikushushwa. Lilijiviringisha ndani ya mlingoti wenyewe, kwenye bomba refu lililosimama humo. Ukivuta kamba moja, tanga linatoka kwenye mwanya. Ukivuta nyingine, linarudi ndani. Sikuwahi kuona kitu kama hicho. Nilimwita rafiki yangu tukajifunza pamoja, na nikamwambia Alhaji, "Nisipokuwepo, yeye ndiye mimi."

Nilipokwenda Ikolo kuuguza mama, wiki nzima, nilimwachia mashua. Niliporudi aliniambia amepaka grisi kila mahali.

Jumapili iliyofuata nilipakia wageni wawili, na kwa mara ya kwanza mke wangu. Rafiki yangu alikuwepo. Alimfunga mke wangu koti la kuokolea maisha, akalivuta kamba kuhakikisha limekaza. "Shemeji, usiogope," alisema, "mumeo anaijua kazi." Kisha akaingia majini mpaka kiunoni, akatusukuma.

Upepo ulishuka ghafla kutoka milimani. Nikavuta kamba nilikunje tanga, likaingia nusu na kukwama. Nikalirudisha nje kidogo, nikavuta tena. Halikwenda mbele wala nyuma. Mashua ililala ubavu, maji yakaingia, na mke wangu akaanza kuomba kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, huku akinitazama. Miamba ilikuwa karibu kiasi cha kuona majani yaliyoota juu yake. Nikakata kamba iliyovuta pembe ya tanga. Tanga likapigapiga mpaka likachanika, mashua ikainuka, na injini ndogo ya nyuma ikatukokota hadi ufukweni.

Kesho yake nikaanza kutafuta ubovu. Kwanza nilidhani tanga limejikunja vibaya humo ndani. Nikamulika tochi kwenye mwanya. Mikunjo ilikuwa sawa. Nikalegeza kamba inayolivuta juu, maana ikikaza mno bomba hupinda. Haikusaidia. Nikakagua makapi yote, yale magurudumu ya kupitishia kamba, moja moja. Yalizunguka vizuri.

Rafiki yangu alifika nikiwa nimepiga magoti chini ya mlingoti, bisibisi mkononi, mbele ya kifuniko kidogo cha bati.

"Hapo usifungue, ndugu yangu," alisema. "Skrubu zitakatika. Nilishapakagua."

Nikamwamini. Nilipoteza siku mbili nyingine nikihangaika juu ya mlingoti kwa sababu ya neno lake. Siku ya tatu, yeye akiwa kwake, nikafungua. Skrubu zilitoka bila shida. Ndani, pale beringi ilipotakiwa kubeba bomba, palikuwa na pete iliyokatwa kwenye tairi la gari, imejaa grisi. Mzigo ulipozidi, mpira ule ulilibana bomba.

Nilikaa chini. Sikukasirika upesi. Niliitambua mikono yake kwenye ule mkato, safi, bila kingo za kuparuza, kama alivyonifundisha.

Alhaji alipotuita sote wawili, niliiweka pete mezani. Rafiki yangu aliitazama kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

"Alhaji, mimi nilipaka grisi tu. Kifuniko hicho sijakigusa," alisema. "Fundi wa mashua ni huyu."

Alhaji hakunifukuza. Alisema tuagize beringi nyingine Dar es Salaam. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipomaliza kazi alimtuma mtu mwingine aikague.

Kabla mvua hazijaanza, rafiki yangu alikuja nyumbani na mchele. Mke wangu aliupokea, akasema "ndaga," yaani asante, kisha akaingia ndani na hakutoka tena.

"Mashine iliharibika katikati ya mavuno," rafiki yangu alianza. "Watu wamejaa uani na mpunga wao. Beringi ile iliingia sawasawa. Nilitaka kuirudisha."

"Ulitusukuma kwa mikono yako."

"Nilidhani upepo utakuwa mdogo. Na wewe hukosi kuona ubovu."

"Mke wangu alikuwemo."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nilimkaza lile koti."

Jibu hilo limeniuma kuliko uongo alioutoa mbele ya Alhaji. Nilimtaka aende akamweleze ukweli. Alisema atakwenda Jumatatu. Hakwenda, Jumatatu ile wala nyingine.

Tulikutana miaka kadhaa baadaye kwenye harusi ya jamaa yetu sote wawili. Alinyoosha mkono, akanisalimu, "Ugonile, ndugu yangu," kwa furaha iliyoonekana ya kweli. Nilimpa mkono kwa sababu watu walikuwa wanatutazama. Kisha nikabeba sahani yangu, nikaenda kukaa na watu nisiowafahamu.