Hakuna Dalali Apendaye Kurukwa

Siku yangu ya kwanza kazini bosi, laoban kama tulivyomwita, hakunifundisha kutafsiri. Alinifundisha kumimina chai. Ofisi yetu ilikuwa Guangzhou, karibu na mtaa wa Xiaobei, na kazi yetu ilikuwa kuwatafutia matajiri wa Kichina nyumba na vibali vya kuishi kwetu Afrika. Mteja akianza kuuliza jina la wakili wa kule, nimimine. Adabu ya mji ule, ukimiminiwa unagonga meza kwa vidole viwili kushukuru. Mpaka agonge, swali limeshapoa.

"Mteja na wakili wakishajuana," aliniambia, "mimi na wewe tutakula nini?"

Huko, wanangu, ndiko kurukwa: mteja kumpita dalali wake. Laoban alimshuku mteja, mteja alimshuku laoban, na mimi Mzanzibari niliyekaa katikati, walinishuku wote wawili.

Ndipo akaja Bi Chen, mwenye duka la vitambaa katika soko la Zhongda. Mumewe alikuwa mgonjwa wa mapafu, akitamani hewa ya bahari. Bibi wa watu alikuwa anauza duka zima apate nyumba ya pwani Unguja, aliyoonyeshwa kwenye picha. Nikampigia wakili mbele yao, kwa Kiswahili. Akacheka. Akasema nyumba ipo, ila mwenyewe hana habari kama inauzwa.

Laoban akanitupia jicho nimimine. Birika nililigusa, nikaliacha. Nikatafsiri neno kwa neno.

Bi Chen alinitazama, ametulia tuli. "Na wewe," akasema, "una nyumba gani ya kuniuzia?"

Lo, maneno yale yaliniuma! Akatia saini mkataba wa laoban palepale. Mimi nikafukuzwa jioni ile, na kustaafu kwangu ndiko huko.

Sasa niko zangu Ng'ambo, mjini Unguja. Kazi ile imeniharibu, sifichi. Hata anayeniletea samaki mlangoni namuuliza katumwa na nani.

Miezi michache baada ya kurudi, simu ikalia. Bi Chen alikuwa kasimama kwenye lango la nyumba ile, mumewe garini. Akampa simu mzee mwenye nyumba, nimtafsirie.

"Mwanangu," mzee akasema kwa upole, "mwambie amwingize mgonjwa wake ndani, jua kali. Lakini nyumba siuzi. Nimezaliwa humu."

Nikamweleza Bi Chen yote. Nikamsikia mumewe akikohoa. Kisha bibi akaniuliza, sauti imemwisha:

"Huyu mzee anamfanyia kazi nani?"