Masikio ya Mbuzi Ndani ya Picha

Siku yangu ya kwanza kazini Voi, meneja alinikalisha mbele ya kompyuta yenye picha ya ndovu. "Mwakio, ndani ya hii picha utaficha jina la aliyeipiga. Jicho lisione, mashine ione." Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu: kutia alama fiche katika picha za wanyama.

Kila mpiga picha alikuwa na neno lake, yaani mfuatano wa sifuri na moja uliotawanywa ndani ya rangi. Mimi ndiye niliyeyagawa maneno hayo, kwa foleni tu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nililionea fahari sana daftari langu nililoyaandika humo.

Kisha akaja Wakesho, binti kutoka Werugha, na shahada yake. Wiki hiyohiyo aliniletea karatasi mezani.

"Mzee, haya maneno yamekaribiana sana. Picha ikibanwa kwa simu, sifuri moja ikigeuka, neno la mtu limekuwa la jirani yake. Babu yangu kabla akate mbuzi alama ya sikio, alikuwa anaangalia kwanza ya jirani. Zikifanana, mwiba ukichana sikio, mbuzi amehama boma. Wacha tutumie maneno marefu, yaachane mahali pengi. Moja ikiharibika, mashine bado itajua ni la nani."

"Maneno marefu yataharibu picha," nikamjibu.

Hilo lina ukweli kidogo. Lakini mkuu wa kitengo alikuwa karibu kuondoka, na cheo chake nilikuwa nimekisubiri miaka. Nilimwonea wivu Wakesho, wivu wa kukosa usingizi. Karatasi nikaifungia kwenye droo.

Haikupita miezi mingi, mama mmoja kutoka Mghange, mpiga picha wetu, akaingia ofisini na kalenda. Ndovu aliyempiga picha kule Mraru alikuwa humo, chini yake jina la mtu mwingine. Tarakimu moja ilikuwa imegeuka.

"Huyu nimemlalia kwa mwamba siku tatu," alisema, bila kupaza sauti.

Meneja akatugeukia. "Hakuna aliyeliona hili mapema?"

Wakesho aliitazama droo yangu, kisha akalivuta daftari. Mimi nikajifanya naisoma kalenda. Akayapanga upya maneno yote, na cheo akapewa yeye. Nilimpa mkono.

Siku ya kuniaga, Wakesho alinipa picha ya ndama wa ng'ombe wangu, niliyoipiga kwa simu na kumtumia. Alikuwa ameitia alama, kisha ikapitia simu nyingi kabla ya kuchapishwa. Akaielekezea mashine.

"Tarakimu tatu zimeharibika, mzee. Soma."

Mashine iliandika: Mwakio.

"Nilikupa neno lililo mbali na maneno ya wote."

Nikatoa mfukoni karatasi yake ya zamani, ile ya kwenye droo, nikamrudishia. Hakushangaa.

"Nilijua siku nyingi, mzee. Hiyo droo haifungi vizuri."

Picha iko sebuleni. Nikiitazama nafurahi kwamba jina langu haliwezi kupotea. Halafu nakumbuka ni nani aliyeliweka, na wivu unanichoma upya.